Mama Hajui Kujisifu

Mtaani kwetu Ndosho, mtu akikuuliza biashara inakwendaje, jibu ni moja: "Tunasukuma tu." Umeuza tangu asubuhi mpaka meza imebaki mbao, unasukuma tu. Hujauza hata sindano, unasukuma vilevile. Anayeuliza haulizi ili ajue, na anayejibu hajibu ili amjulishe. Ni salamu, kama kuuliza watu wa nyumbani wameamkaje. Mgeni asiyelijua hilo anaweza kudhani kwamba Goma nzima itafunga milango wiki ijayo.

Mama yangu alikuwa bingwa wa jibu hilo. Ana karakana ya kushona kando ya barabara, vyerehani vya kukanyaga kwa mguu kwa sababu umeme wetu una tabia zake, meza ndefu ya kukatia, na pasi ya makaa ambayo ni mkubwa wangu kwa umri. Anashona libaya, ile blauzi ya kitenge inayobana kiunoni na kupanda mabegani, ya kuvaliwa na vitenge viwili. Anashona pia bubu, nguo pana zenye darizi kifuani. Kitambaa cheupe hukigusi pale ndani ila asubuhi mapema, kwa sababu pikipiki zikishaanza kupita, vumbi la mawe yetu meusi ya volkano linaingia hata masikioni. Nguo ya bibi harusi imeshonwa yote kati ya sala ya alfajiri na chai, siku baada ya siku, mpaka imekwisha.

Pembeni yake ana jirani anayeuza unga wa muhogo. Kila asubuhi nilikuwa nawasikia hawa wawili wakifungua milango.

"Mama, kazi iko aje?"

"Eh, mama, tuko tunasukuma tu. Na weye?"

"Njo vile vile. Batu habana feza."

Ndivyo hivyo hivyo, watu hawana fedha; na baada ya hapo jirani anaingia kupima magunia ambayo watu wamekwisha kupanga foleni kuyanunua, na mama anaketi mbele ya nguo za harusi zilizojaa ukuta mzima. Nilipokuwa mdogo niliwahi kumwuliza kwa nini wanadanganyana. Hakukasirika. Alisema wengine wanaficha kwa sababu ya wivu, na wengine kwa sababu ya watu wa kodi, wale wenye karatasi na wale wasio nayo. Yeye hafichi kwa sababu hizo. "Pengine mwenzako leo hajauza kitu," aliniambia. "Utamwambia weye umeuza, alale na nini?"

Hiyo ndiyo heshima yake, na nilimpenda kwayo. Tabu ni kwamba hakuiacha barabarani. Aliingia nayo ndani ya nyumba. Mtu akisifia chakula chake, chumvi ilikuwa imezidi. Mtu akinisifu mimi kwa matokeo ya shule, "Eh, anajaribu." Nilipomaliza libaya yangu ya kwanza, tangu kukata mpaka kifungo cha mwisho, aliichukua, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye kila mshono, akaishika kola juani. Mimi nimesimama pale kama mtu anayesubiri hukumu. Akanirudishia, akasema neno moja: "Itavaliwa."

Miaka imepita nikimshonea nguo nyingine nyingi, na nyingi sana kati ya hizo zimepewa neno hilo hilo. Najua watu wanaolelewa kwa sifa tupu na hawajui kushona hata tundu la kifungo, kwa hiyo silalamiki. Lakini nisiseme uongo, nililisubiri neno lingine.

Mama ana mdogo wake anayeishi Ubelgiji. Walijifunza kushona pamoja kwa mama yao, mwanamke wa Kasongo aliyekuwa na cherehani kimoja tu cha mkono. Mmoja alizungusha mpini, mwingine aliongoza kitambaa, na walibadilishana bila kuambiana. Mama anasema mpaka leo, mguu wake ukiwa kwenye kanyagio, huwa anahisi kuna mtu anakosekana upande wa kulia. Mama mdogo aliolewa akaenda mbali, lakini hakuacha kututafutia wateja. Harusi za kule zilianza kuvaa nguo za Ndosho. Vipimo vilikuja kwa simu, nguo zikaondoka kwa mkono wa wasafiri, na mara nyingine zilifika harusi imekwisha na bibi harusi ameshavaa ya dukani huku analia.

Basi mama mdogo akatuma ujumbe wa sauti, akimwita mama yaya, yaani dada mkubwa, na mama akausikiliza mara nyingi huku mkasi uko mkononi.

"Yaya, kuja. Kuko nyumba ndogo hapa karibu, mulango iko ku barabara. Batu ba huku banalipa mutu wa kushona feza mingi, na kola inabaki ya kupinda. Kuja tufungue atelie ya pili. Kuja tushone wote wawili kabla macho haijachoka."

Mama hakujibu siku hiyo. Alishona. Lakini jioni aliniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, mtu akitaka kufungua kazi Bulaya, yaani Ulaya, anapitia mlango gani. Nikajua kwamba amekwisha kwenda moyoni, bado miguu.

Nilikaa na simu yangu, nikasoma, nikauliza waliokwenda. Jambo la kwanza nililojifunza ni lile linalowaangusha wengi wetu. Visa fupi ya biashara si visa ya kufanya biashara. Inakuruhusu kwenda kuonana na wateja, kutazama vitambaa, kusaini makubaliano, kisha urudi kwenu. Ukitundika kibao mlangoni na kuanza kupima watu viuno, umevunja sheria, hata kama hukuiba kitu cha mtu. Kwa kukaa na kufanya kazi yako mwenyewe, kuna njia nyingine, na kila nchi ina yake. Nikampelekea mama zote, moja moja, kama ninavyompelekea vitambaa achague.

Nilianza na Dubai, kwa sababu ndiyo rahisi kueleza. Unafungua kampuni ndogo, unapewa leseni, na leseni inakuletea ruhusa ya kukaa, mradi usipotee nje muda mrefu. Mama alitikisa kichwa kabla sijamaliza. "Kule njo tunanunuaka bitambaa. Nitauzia mwenye duka nguo ya duka yake?"

Kampala ni karibu, mpaka unapita bila tabu kubwa, ila kukaa na kufungua karakana kunataka kibali cha mwekezaji na mtaji wa kuonyesha. "Kampala banajua kushona sana," alisema. "Niende kubafundisha nini?" Nikamwambia hatuendi kufundisha, tunakwenda kuuza. Akaniangalia kama mtu aliyelea mtoto vibaya.

Kanada walikuwa na njia ya kampuni changa. Wanataka shirika la kule likubali kusimama nyuma yako, na wanataka wazo jipya ambalo halijaonekana. Hapo mama aliweka sindano chini. "Wazo mupya? Libaya ni ya bibi yako. Nibadirishe nini, niongeze mukono ya tatu?"

Ikabaki Ubelgiji yenyewe. Kule mtu wa nje anayetaka kujiajiri anaomba kadi maalumu. Hawatazami kama wazo ni jipya. Wanatazama kama wewe unaijua kazi yako, kama mradi unaweza kusimama, na kama eneo lile litapata faida kwa kuwa wewe uko pale. Ukipata kadi, unaomba visa ya kukaa. Nikamweleza polepole: ujuzi wa miaka, wateja wanaosubiri, nyumba yenye mlango barabarani, na mdogo wako yuko pale.

"Ile njo yetu," mama alisema, akafunga fundo la uzi kwa meno.

Sitaeleza karatasi. Kila aliyewahi kuomba kitu ofisini anazijua, na asiyeomba nisimtie hofu. Tulizikusanya, mama mdogo akakusanya za upande wake, zikaenda. Baada ya muda tukaambiwa mtu wa ofisi ya kule atapiga simu azungumze na mwombaji mwenyewe, pamoja na mtafsiri wao.

Simu ilipigwa alasiri. Mama alijifunga kitambaa kipya kichwani, ingawa ilikuwa sauti tu. Mimi nilikaa kwenye kiti cha wateja, nimeambiwa nisiseme neno. Afisa alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole, na mtafsiri alikuwa mwanaume mwenye Kiswahili kilichonyooka kama cha taarifa ya habari.

"Bibi, biashara yako ya sasa inakwendaje?"

"Eh, tunasukuma tu."

"Una wateja wengi?"

"Batu habana feza. Anakuja mumoja, anakuja mungine."

Juu ya kichwa chake zilining'inia nguo za harusi nzima, za bibi harusi, mashangazi na wapambe, na ilibidi ainamishe shingo kidogo ili pindo lisimguse.

"Je, wewe ni fundi mwenye uzoefu?"

"Niko najaribu. Kushona haiishake kujifunza."

"Unaamini kwamba karakana yako ya huku itafaulu?"

"Mungu njo anajua."

Mtafsiri alifanya kazi yake bila kosa. Kila neno lilivuka salama mpaka upande wa pili. Afisa akashukuru, mama akashukuru, akamwombea heri na kumuulizia watoto. Simu ilipokatika alipumua, akasema, "Ni mutu wa heshima ule mama." Nami, niliyesoma, niliyekaa na simu siku nzima kusoma sheria za nchi za watu, nilikuwa nimesikiliza yote mwanzo mpaka mwisho na sikuona tatizo lolote. Nilijisemea moyoni kwamba mama amejibu vizuri ajabu. Ametulia, hakujigamba, hakumchosha mwenzake. Kama ningekuwa mimi afisa, ningempa kadi na chai juu yake.

Walimnyima. Sababu ziliandikwa wazi na kwa adabu. Kwa maneno yake mwenyewe, biashara ya mwombaji inajikongoja. Kwa maneno yake mwenyewe, wateja ni wachache. Bado anajifunza kazi. Yeye mwenyewe hana hakika kama mradi utafaulu. Anaweza kuomba tena akiwa na maelezo mapya.

Nilikasirika kwa niaba ya ukoo mzima. Nilizunguka karakana nikisema mambo ambayo siwezi kuyaandika. Kisha nikasoma tena, na safari hii nikasikia majibu ya mama kwa masikio ya mtu asiyewahi kukanyaga Ndosho. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka fundi wetu mmoja, mwanamke aliyetujia kutoka kambi ya wakimbizi ya Mugunga na ambaye hajui kucheka kazini, akasimamisha cherehani. Nikamweleza mama. Yeye hakucheka.

"Alitaka nini? Nijisifu mbele ya mutu mwenye sijamujua?"

"Ndiyo, mama. Njo ile alitaka."

"Basi anikatalie tu."

Lakini jioni ile nilimkuta amekaa peke yake upande wa kushoto wa cherehani, kiti cha upande wa kulia kiko kitupu, na sikupenda nilichokiona usoni mwake. Mama si mtu wa kulia. Alikuwa amekaa tu, kanyagio limelala. Nikaamua tutaomba tena, na kwamba nitamfundisha kujisifu hata kama itabidi nimshikie kinywa.

Mimi subira nilinyimwa, na kazi hii iliitaka yote. Nilimwambia aseme, "Biashara yangu inakwenda vizuri." Alisema, "Biashara inaenda muzuri kidogo." Nikamwambia atoe kidogo. Akaangalia mlango, kama jirani yuko karibu. Nikafunga mlango. Akasema sentensi nzima kwa sauti ya mtu anayeungama, kisha papo hapo akaomba msamaha kwa Mungu. Nilimwambia aseme ana wateja wengi. Akaniuliza, "Na bakisikia bale benye habana?" Nikamwambia walioko Ubelgiji hawamjui jirani yetu. Akasema Mungu anamjua.

Kilichonitia wazimu ni kwamba vitu vya watu wengine aliweza kuvisifu mpaka ukachoka. Kuhusu unga wa jirani angeweza kukuhutubia mpaka adhuhuri: haujachanganywa, hauna mchanga, ukisonga haushiki mabonge. Jirani aliposikia shida yetu akaja mwenyewe, akajikalisha, akasema yeye atatoa mfano wa namna ya kumsifu mama. Alianza na mishono, akafika kwenye roho yake nzuri, na hakuwa hata amefika kwenye mapishi mama alipoinuka akaenda nyuma kutafuta makaa. Pasi ilikuwa imejaa makaa. Tulikaa sisi wawili tukitazamana.

"Huyu bamupatie tu kadi," alisema jirani. "Habataona mungine."

Mazungumzo ya pili yalikuwa ya video, nasi tukayafanya pale pale karakanani ili waone kazi. Safari hii na mimi nilikuwemo, kwa sababu tulieleza kwamba karakana ya Goma itabaki wazi na mimi ndiye nitakayeiendesha. Mafundi walisimamisha vyerehani, wakakaa mikono mapajani. Jirani alisimama nje katikati ya barabara kuomba pikipiki zisipige honi, na wale vijana, ambao hawamwogopi hata askari, walipita kimya wakisukuma kwa miguu. Sijawahi kuiona Ndosho imenyamaza namna ile.

Afisa alikuwa yule yule. Sasa tuliona uso wake, miwani, na kikombe kando. Akasema mtafsiri wao ameshindwa kuunganishwa. Akaniuliza kwa Kifaransa kama naweza kutafsiri, mradi nitafsiri kila kitu, nisiongeze wala nisipunguze. Nikakubali haraka. Kishawishi cha kuongeza ndicho pekee nilichokuwa nakiogopa.

Swali la kwanza likaja lile lile. Biashara inakwendaje? Nilimtafsiria mama nikiwa nimembana mguu chini ya meza. Mama akawatazama mafundi. Akatazama mlangoni, mgongo wa jirani.

"Kazi iko," alisema.

Afisa akauliza iko vipi.

"Iko." Akaikunja futi ya kupimia. "Iko mingi."

Mafundi waliinamisha vichwa wote pamoja, kama vile mama nguo imemfunuka. Mimi nilitafsiri kwa furaha. Wateja? "Beko." Wengi? "Beko bengi." Kila jibu lilimtoka kama jino. Jasho lilikuwa linamshuka pembeni ya kitambaa. Kisha afisa akauliza kwa upole ule ule: wewe mwenyewe, bibi, unajiona ni fundi wa kiwango gani?

Hapo mama alikwama. Nilimwona akitafuta neno, akilipata, na kulirudisha alikolitoa. "Aulize benye banavaa," alisema mwishowe. Nikatafsiri. Afisa akaiweka kalamu yake chini bila kuandika. Nilihisi kadi inatuponyoka. Nilifikiri juu ya mama mdogo na ile nyumba yenye mlango barabarani, na nilitamani kumtikisa mama mabega.

Afisa akaendelea na swali linalofuata, nadhani kwa kumaliza tu. Ukija huku, karakana ya Goma itabaki mikononi mwa nani, na je, haitaanguka?

Mama alinyoosha mgongo. Jasho sijui lilikwenda wapi.

"Itabaki na uyu," alisema, akanigusa bega. "Ni mutoto wangu. Haitaanguka. Mukono yake inapita yangu. Miye kola minaipindaka, minaipindula tena. Yeye anaipindaka mara moya, inasimama. Nguo zake minazigeuzaka ndani juu ya kutafuta kosa, tangu alikuwa mudogo. Minatafutaka mupaka leo. Siionake. Hata nikikufia kule Bulaya, ile mulango haitafungwa, juu uyu njo iko ndani."

Alikuwa anamtazama afisa, si mimi. Mimi nilikuwa natazama meza. Kulikuwa na chaki ya kukatia pale, ya bluu, na niliishika sijui kwa nini. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo tangu libaya ya kwanza, na sasa lilikuwa limekuja mbele ya watu wote, na mtu wa nchi nyingine alikuwa ananisubiri mimi niliseme kwa kinywa changu mwenyewe.

Nikafungua kinywa. Kwa Kifaransa changu cha shule, kizuri tu, nikasema: "Anasema kwamba mimi nitabaki. Anasema ninajaribu."

Afisa akachukua kalamu.

"Hapana," alisema mama.

Mama Kifaransa hasemi. Lakini amewauzia nguo wake za wakubwa wa mji huu maisha yake yote, na anasikia zaidi ya anavyoonyesha. Aligeuka akanitazama, kwa yale macho ya kuangalia mshono.

"Haiko ile nilisema. Sema yote."

"Mama..."

"Yote. Kama nilivyosema."

Nikasema yote. Nilisema kwamba mkono wangu unaupita wake. Nilisema habari za kola. Nilisema kwamba amekuwa akitafuta kosa katika nguo zangu tangu utotoni na kwamba halioni. Nilisema kwamba hata akifa kule mlango hautafungwa kwa sababu mimi nimo ndani, na hilo nililisema mara mbili. Yule fundi wa Mugunga alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Mama aliitikia kwa kichwa kila nilipofika mwisho wa sentensi, kama anahakiki vipimo.

Afisa aliinua kichwa. Alitutazama, mmoja kisha mwingine. Halafu akauliza, na hili sikuhitaji kulitafsiri kwa sababu mama alikwisha kulisikia: "Na huyu binti alifundishwa na nani?"

Nje tulimsikia jirani akimwambia mwenye pikipiki, "Pole pole, papa."

"Ni miye," alisema mama.

Hakusema kidogo. Hakusema Mungu njo anajua, ingawa najua lilikuwa linamwasha ulimini. Alisema hivyo tu, na afisa akaandika kwa muda mrefu.

Tulipomaliza, jirani aliingia mbio na vumbi lake. "Ilikuwa aje?"

"Tulijaribu tu," mama alimjibu, akanyanyua pasi.

Kadi ilipatikana, na visa baada yake. Siku ya kuondoka aliwaaga mtaa mzima, mlango kwa mlango, na kila aliyemwuliza kule anakwenda kufanya nini alijibiwa kwamba anakwenda kuangalia-angalia. Mpakani, njiani kwenda kupanda ndege, alinikabidhi mkasi wake mkubwa, ambao sikuwa nimeruhusiwa kuugusa tangu nizaliwe. Alisema niutie mafuta. Mimi nililia, yeye akanirekebisha kola.

Sasa ananipigia mchana, kule wakiwa wamepumzika kula. Nyuma ya sauti yake namsikia mama mdogo akibishana na mteja, na wakati mwingine cherehani. Wamenunua viwili vya umeme, lakini mama anasema wamevipanga bega kwa bega, na mdogo wake anakaa upande wa kulia. Wiki iliyopita mama alinipigia wakati jirani amesimama mlangoni kwangu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na jirani hakuwa ameuza hata kilo moja ya unga.

"Kazi iko aje?" aliuliza mama.

"Tunasukuma tu, mama."

Upande wa pili cherehani kikasimama.

"Sema yote."

Nilisubiri mpaka jirani aliporudi kwake. Nikarudisha mlango, nikafunga na dirisha la upande wake. Nikamwambia mama kwamba kazi iko mingi kuliko mikono tuliyo nayo. Nikamwambia kwamba kiti chake hakuna anayekikalia, kwamba kila nguo nikiimaliza naigeuza ndani nje mimi mwenyewe, na kwamba namkosa kila siku.